Mkongwe wa Sahani Ndogo

Ijumbi, Muleba
12 Januari 2025

Kwa Mama Chetan,
Mwenyekiti wa Kikundi cha Sahani Ndogo, Bukoba

Waitu Mama Chetan,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, tutajuana tukionana. Mimi naitwa Agnetha, mama yake Edvina. Edvina yule mrefu, karani wa kampuni ya kahawa, anayekaa Kagondo. Ndiye wangu huyo. Nilimzaa hapa hapa Ijumbi, na alipotoka mkunga alimwinua akasema, "Agnetha, huyu umemzaa au umemchimba shambani?" Basi alikuwa mtu mkubwa tangu siku ya kwanza, na mimi sijawahi kuzaa kitu kidogo.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu ni ya tochi na sikio langu la kulia limelala. Nikipiga lazima niweke sauti ya juu, na Mama Protase jirani yangu anaacha kupalilia anakuja kusimama kwenye uzio. Barua haina uzio. Nimeiweka juu ya kapu la ndizi na dereva wa Hiace analijua duka lako la vitambaa. Ndizi ni zako zote, dereva usimpe hata moja, nimeshamlipa.

Sasa neno lenyewe. Mwezi ujao Edvina anatimiza miaka mitano tangu wampasue kule Dar kumpunguza mfuko wa tumbo. Aliniambia zamani kwamba mtu akitimiza miaka mitano kwenye kikundi chenu anaitwa mkongwe. Anavishwa kitenge cha kikundi, anakaa kiti cha mbele, na wale wanaosubiri kupasuliwa wanamuuliza yeye maswali. Mama Chetan, hiyo siku nimeingoja kuliko harusi. Harusi kila mtu anafunga. Mkongwe wa kupasuliwa tumbo, Muleba nzima nionyeshe mwingine!

Nimeshasema kwenye jumuiya. Nimeshamwambia Padri. Nimekodi Hiace, tunakuja akina mama tisa na ngoma moja. Fundi Kyaruzi anamshonea gauni la bluu. Krismasi alipokuja alikataa kupimwa, eti ana haraka, lakini Kyaruzi ana vipimo vyake vya Pasaka ya mwaka juzi, kwa hiyo hakuna shida.

Shida ni moja tu. Nikimuuliza Edvina siku ni ipi, ananijibu, "Tutaona, Mama." Tutaona nini? Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenye kikundi. Siku ni ipi, na ngoma inaruhusiwa?

Ni mimi,
Agnetha, Mama Edvina
(darasa la saba, lakini mwandiko huu walimu waliusifu)


Bukoba
17 Januari 2025

Mpendwa Mama Edvina,

Marahaba. Nimekuzidi, nina miaka sabini na moja na meno yangu karibu yote. Ndizi zimefika. Dereva amechukua tatu, kaniambia mwenyewe bila aibu.

Barua ya mkono sijaandika tangu Chetan alipokuwa bweni, kwa hiyo nivumilie. Siku ni Jumamosi tarehe 22 Februari, saa nne asubuhi, chumba cha juu ya duka langu. Ndugu wa wanachama hawapandi juu, ndiyo kanuni yetu, maana yanayosemwa kule ni ya kule. Lakini dukani chini mnakaribishwa, viti vipo na chai ipo. Ngoma naomba ibaki kwenye gari. Ninao wapangaji.

Kuhusu ukongwe niseme kwa uangalifu. Tulipoanza kikundi tulikuwa watu wanne na hesabu ilikuwa ya miaka tu. Sasa tumekuwa wengi, na katibu wetu Joackim, kijana wa benki, anasema miaka peke yake haitoshi. Yeye ana miaka miwili tu tangu apasuliwe, na amekonda hadi mkanda wake anautoboa matundu mapya kwa msumari. Anataka pawe na ushuhuda wa mtu wa nyumbani kwamba mwenzetu anaendelea vizuri. Wapo wanaomuunga mkono. Mimi simuungi, lakini mwenyekiti ana kura moja kama wengine.

Edvina siku hizi hatumwoni sana. Anasema kazi za kahawa ni nyingi. Zaidi ya hapo yaulize kwake, si yangu kuyasema.

Ukitaka, andika huo ushuhuda. Lakini nakuomba sana, mama mwenzangu, mpe Edvina ausome kwanza, ndipo uende kwa katibu.

Wako,
Kusum, Mama Chetan


Ijumbi
24 Januari 2025

Kwa Bwana Joackim, Katibu, Kikundi cha Sahani Ndogo

Bwana Joackim,

Mama Chetan aliniambia Edvina aisome barua hii kwanza. Sikumpa. Mtoto huyu ana haya, angefuta sifa zote zikabaki salamu. Kwa hiyo inakuja kwako moja kwa moja, na naomba uisome mbele ya watu wote, kwa sauti.

Mnataka kujua kama mwanangu anaendelea vizuri. Niulize mimi!

Alipotoka Dar alikuja kwangu kupona. Magoti yaliyokuwa yanamliza yalianza kunyamaza, sukari ikashuka. Lakini chakula kilikuwa vita. Wewe ni mtu wa huku, unajua. Kwetu mgeni akiacha chakula kwenye sahani, mwenye nyumba halali usingizi, anajiuliza amemkosea nini. Na mtoto akirudi nyumbani kutoka mjini anapakuliwa mlima. Edvina alikuwa anakula vijiko vinne, anasukuma sahani, na wifi yangu analia machozi ya kweli. Msibani kwa mjomba wake walisema anaringa.

Nikakaa nikafikiri. Nikaacha kupakua. Nikaanza kupika ebitoke, ndizi zetu hizi, ndani ya majani, kifurushi kifurushi, kila mtu chake kimefungwa. Cha Edvina nilikifunga majani matatu, na ndani niliweka tonge la kiganja cha mtoto. Kwa macho kilikuwa sawa na cha babu yake. Anakifungua polepole, anaanza na samaki kama daktari alivyosema, ndizi mwisho, anamaliza pamoja na wenzake. Wifi yangu akaacha kulia. Mpaka leo hajui, na akisikia kutoka kwenu nitajua ni ninyi.

Kisha alikonda. Bwana Joackim, alikonda mpaka watu wakaanza kunipa pole njiani. Mama Protase aliniuliza kama anameza vidonge. Nilibeba hayo kimya kimya, mimi ambaye kimya sikijui.

Sasa sikia habari njema. Krismasi hii amekuja, MASHAVU YAMERUDI! Mikono imejaa. Shingo ina mikunjo miwili mizuri kama ya mtoto mchanga. Na alipokaa kwenye kile kiti cha plastiki, kiti kililia kama zamani, nami nikaenda jikoni nikapiga kigelegele peke yangu. Mama Protase amenyamaza kabisa. Juisi yangu ya ndizi anaipenda, alibeba dumu zima kurudi nalo mjini, na ni muda mrefu sasa kila Jumamosi namtumia lingine.

Kama huko si kuendelea vizuri, basi ninyi wa benki nifundisheni kuendelea vizuri ni kitu gani.

Naomba avishwe kitenge chake.

Agnetha, Mama Edvina


Kagondo, Bukoba
3 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Gauni limefika. Halinitoshi. Limekwama mabegani.

Juzi Jumamosi nilikwenda kwenye kikundi. Hukujua kwamba nilikuwa nimeacha kwenda, tangu mwezi wa sita mwaka jana. Wiki nzima nilijishawishi. Nilivaa lile koti jeusi na joto lote lile, nikapanda ngazi, nikakaa karibu na mlango ili nikishindwa niondoke. Mama Chetan aliniona akafurahi kama nimefufuka. Halafu Joackim akasema kuna ushuhuda umekuja kutoka Muleba.

Aliisoma vizuri, Mama. Kwa sauti ya mtu anayesoma somo la pili kanisani. Mwanzoni nilikuwa najivunia. Kwenye majani watu walikuwa wanatikisa vichwa, wanaandika. Kisha akafika kwenye mashavu. Kwenye mikunjo ya shingo watu wakaanza kuangalia chini. Kwenye kiti cha plastiki wawili walicheka, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kwako wewe mashavu ni afya. Kwa watu wa kile chumba, mashavu kurudi ndicho kitu wanachokiogopa kuliko kisu. Walikopa, waliuza mashamba, walidanganya waume zao ili wapasuliwe. Mtu aliyerudi kunenepa hawataki hata kukaa naye benchi moja. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilimkwepa dada mmoja mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo.

Joackim alipomaliza alikunja barua akasema, "Ndugu zangu, nadhani ushuhuda umejieleza." Amependekeza kwamba aliyerudisha kilo asiitwe mkongwe, hata apite miaka ishirini. Watapiga kura tarehe 22. Jina langu limewekwa pembeni.

Unataka kujua ilikuwaje? Ni juisi. Tumbo hili dogo linakataa wali, linakataa ndizi zikizidi, lakini kitu cha kunywa halikikatai. Kinapita tu. Msimu wa kahawa tulikuwa tunashinda ofisini bila kula, nikaanza kikombe kimoja cha ile ya kwako, kwa sababu ilikuwa na harufu ya nyumbani. Kikawa vitatu. Halafu nikaanza na soda. Sikulaumu. Ulituma dumu, hukunishika mdomo.

Ila nakuomba usije tarehe 22. Waambie akina mama Hiace imeharibika.

Mwanao,
Edvina


Ijumbi
7 Februari 2025

Edvina mwanangu,

Hiace haijaharibika. Nimekwenda kuiangalia mwenyewe na ina matairi mapya.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nimeivalia miwani ya baba yako marehemu. Mawe, mama wee! Kumbe nimekuvua nguo mbele za watu huku nikidhani nakuvika kitenge. Mdomo huu nilizaliwa nao mpana, mwanangu, na kila nikiufunga unatokea pembeni. Nisamehe. Nimekwisha, sisemi tena hilo, maana nikianza kulia wino utachafuka.

Madumu nimeyaosha, nimeyatundika juu chini. Sikamui tena mpaka wewe useme. Mama Protase kauliza mbona wiki hii sikamui. Nimemwambia ndizi zimegoma.

Lakini hilo la huyo kijana wa benki silielewi hata kidogo, na nimelifikiria tangu asubuhi nikichuma kahawa. Unaikumbuka ile mibuni ya nyuma ya nyumba? Ulikuwa darasa la tatu. Baba yako aliikata yote kwa msumeno, ikabaki visiki, na wewe ulilia ukakataa kula ukisema Tata ameiua kahawa ya babu. Ilipochipua tuliiitaje? Kuna mtu aliyesema hiyo ni miche ya mwaka huu? Mpaka leo ni mibuni ya babu. Bwana shamba akija ndiyo anayowaonyesha watu, hawaonyeshi ile ambayo haijawahi kuguswa. Imekatwa, imechipua, imelemewa, imekatwa tena, na mizizi ni ile ile ya siku ya kwanza.

Sasa mtu wa miaka miwili anataka kukwambia wewe wa miaka mitano kwamba hujui? Huyo hata mvua hajanyeshewa. Njia ya kisimani inajulikana na aliyewahi kuteleza.

Mimi nakuja. Wewe njoo au usije. Ukija, vaa gauni langu. Halikutoshi, sawa, mtafute fundi alipasue ubavuni aongeze kipande. Usivae lile koti jeusi. Mtu mkubwa ndani ya koti jeusi anaonekana mtu mkubwa aliyefiwa.

Mama yako mwenye mdomo


Bukoba
13 Februari 2025

Mama Edvina mpendwa,

Nilikuomba Edvina aisome kwanza! Nimekasirika siku tatu. Siku ya nne nikacheka peke yangu dukani kwa ajili ya kile kiti, mteja akadhani namcheka yeye, nikapoteza mita sita za satini.

Sasa nikuambie ambayo huenda hayakukufikia. Hayo ninayoyaandika wenyewe wameniruhusu, nimewauliza.

Siku ile Edvina alitoka kabla ya chai. Watu walipokuwa wanashuka ngazi, alinifuata dada mmoja anaitwa Annastella. Bado hajapasuliwa, anakwenda mwezi wa tatu. Akanishika mkono, akasema, "Mama, yule aliyesomewa barua ni nani? Nataka kuzungumza naye." Nikamwambia wapo wengine, wapo waliofanikiwa sana. Akasema, "Hao nimeshawasikia. Wote wananiambia nitakonda. Mimi nataka anayejua yakigeuka."

Nimemtumia Edvina ujumbe. Hajajibu. Nimepita Kagondo kwa bodaboda, mimi na magoti yangu, mlango umefungwa lakini redio inalia ndani.

Jambo la pili. Kwa kanuni ya Joackim hata mimi si mkongwe. Mimi niliyepasuliwa Ahmedabad, kule India, wakati huyo kijana hajaota ndevu! Kila mtu anaona nilivyoongezeka, blauzi zangu zimefumuliwa mara mbili na sijawahi kuficha, lakini hakuna aliyethubutu kunihesabia kwa sababu chumba ni changu na chai ni yangu. Edvina hana chumba. Hilo limeniuma.

La tatu, na hili ndilo la kukuomba. Tangu barua isomwe, hakuna aliyeniuliza habari za mashavu. Wameniuliza habari za majani. Watu saba! Wanafungaje, jani la ndizi gani, samaki anakaa juu au chini. Mama, njoo na vifurushi. Njoo na ngoma pia, wapangaji nitaongea nao.

Na uombe binti yako afungue mlango.

Kusum


Kagondo
24 Februari 2025

Mama,

Shikamoo tena, ingawa juzi sikukuamkia vizuri. Dereva alikuwa anapiga honi, akina mama wanaimba, na wewe ulikuwa unagombana na mpangaji wa Mama Chetan kuhusu ngoma. Hukupata kusikia yaliyotokea juu. Nimewaomba wenzangu ruhusa nikuandikie, wakasema, "Mwandikie, lakini mwambie asimwandikie katibu." Yangu mimi unaweza kuyasema hata kwenye jumuiya, ya wenzangu yaishie kwako.

Nilifungua mlango siku ya Alhamisi. Annastella alikuwa amekaa kwenye ngazi na Mama Chetan. Walikuja bila kubisha, wakakaa tu, nikasikia wanabishana kuhusu bei ya sangara. Nikashindwa kujificha na watu wanaocheka mlangoni kwangu.

Gauni nilivaa. Fundi wa huku hakupata bluu ile, akaongeza vipande vya kijani ubavuni, huku na huku, kila mtu anaviona. Na wewe uliviona nilipoingia dukani. Nilikuangalia. Ulifungua mdomo, ukaufunga. Sijawahi kuona kitu hicho maishani mwangu.

Juu nilikaa tena pale pale mlangoni. Joackim akasimama kusoma kanuni yake. Kabla hajamaliza, Mama Chetan akainuka, akashika kile kiti chake cha mwenyekiti, akakiburuta katikati ya watu wote mpaka mlangoni, akakiweka karibu na changu, akakaa. Joackim akasema, "Mama, mbona hivyo?" Akamjibu, "Soma tu, mwanangu. Nimewahi kabla ya kufukuzwa."

Watu wakaguna. Ndipo Annastella akanyoosha mkono. Akasema, "Mimi nina swali kabla hamjapiga kura. Nikipasuliwa, halafu nikaanza kurudi kunenepa, siku ile ya kwanza nitakapogundua, nifanye nini?"

Joackim akasema, "Ukifuata maelekezo hutarudi."

"Sikuuliza hivyo, kaka."

Annastella akaangalia mbele, kwa wale waliokaa viti vya mbele. Wote wamekonda vizuri, Mama, wamependeza kweli. Walianza kuangaliana kama wanafunzi ambao hawakusoma.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Siku ya kwanza mwambie mtu mmoja. Yeyote. Kabla hujaacha soda, kabla hujapima, kabla hujafanya chochote. Mimi sikumwambia mtu. Nilijificha, na kule kujificha kulininenepesha kuliko juisi. Ndipo umwage ulichokuwa unakunywa, uanze na samaki kama wiki za mwanzo, urudi kliniki hata kama unaona aibu kumtazama daktari. Mimi nimekwenda jana. Hakunigombeza. Alisema tumbo bado ni dogo, liko pale pale, linanisubiri."

Mama Chetan akaanza kulia. Annastella alikuwa anaandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi iliisha.

Halafu hutaamini. Joackim akakaa. Akaweka kalamu chini. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Dada Edvina, na mimi nina swali. Mwezi ujao nakwenda kujitambulisha ukweni Kamachumu. Mama mkwe amesema amenifugia mbuzi. Nisipokula itakuwaje?" Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Nikamwambia, "Hilo sina uwezo nalo. Mtaalamu yuko chini, ana kapu la vifurushi."

Kile kicheko ulichokisikia ukapiga kelele kutoka chini, "Mnamcheka nani huko?" ndicho hicho.

Kura haikupigwa. Joackim aliikunja ile karatasi yake. Mama Chetan akauliza, basi mkongwe ni nani? Kila mtu akasema la kwake, kelele kama mnada. Mwishoni wamekubaliana hivi: mkongwe ni aliyetimiza miaka yake na bado anakuja. Mzani ubaki kliniki.

Kitenge alinivisha Annastella. Kiti changu sikukipeleka mbele. Wamegeuza vyao wakatazama mlangoni.

Dumu nimelirudisha kwa dereva, tupu. Usilijaze.

Edvina


Ijumbi
2 Machi 2025

Mwanangu mkongwe,

Dumu limefika, nimelipandia kitunguu.

Nilisikia kila kitu siku ile ila maneno. Nilisikia kiti kinaburutwa, nikasema ndiyo hivyo, wanamtoa mwanangu. Nilikuwa nimeshapanda ngazi tatu na ngoma mkononi, Mungu anisamehe, nikazuiwa na wenzangu. Ndipo kikaja kicheko. Halafu nikakuona unashuka na kitenge begani na kijani chako ubavuni, na nyuma yako yule kijana wa mkanda anakuja mbio kwangu anasema, "Mama, shikamoo, jani moja au mawili?" Nikamwambia matatu, na mchuzi pembeni. Nimempa vifurushi vinne vya kujifunzia. Anataka nimwandikie mama mkwe wake. Nimekataa. Nimesema barua zangu zina hatari.

Leo Jumapili nimesimama kwenye jumuiya. Safari hii nimesema yote, kwa kuwa uliniruhusu, usiseme hukuniruhusu. Nimesema mwanangu alipungua, akaongezeka, akaona aibu, akarudi, na amepewa kiti. Mama Protase akauliza, "Sasa amekonda au amenenepa?" Nikamwambia, "Amefika miaka mitano. Wewe kitu gani umewahi kukifanya miaka mitano, zaidi ya kusimama kwenye uzio wangu?" Watu walicheka, na yeye alicheka. Kisha tulipokuwa tunatoka alinivuta kando, akaniuliza taratibu kama hiyo kliniki inapokea mtu wa umri wake, magoti yanamliza. Hilo sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Ona namna ninavyojifunza.

Kwenye kapu utakuta kitambaa. Ni cha duka la Mama Chetan, nilikichagua mwenyewe wakati nawasubiri mshuke, rangi ya kahawa ikiiva. Kyaruzi alinyoosha mkono akitaka, nikamnyima. Vipimo vyake vya Pasaka nimemwambia avichome. Sikukikata hata kidogo. Mpelekee fundi wako akupime mwili ulio nao siku hiyo, uwe mkubwa, uwe mdogo, na kitakachobaki kitunze cha kuongezea au cha kitambaa cha kichwa.

Ukikikunjua taratibu utakuta nimefunga punje mbili za kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni wa heshima akiingia nyumbani. Ni za ile mibuni ya visiki. Mbili zinakutosha, na mimi sasa najua kwamba zinatosha.

Karibu nyumbani wakati wowote. Kile kiti cha plastiki nimempa kuku. Nimekununulia cha mbao.

Mama yako,
Agnetha